Kadiri na Kadari: Mhadhara juu ya Kubashiri Mechi za Mtoano za Mpira wa Kimarekani



Neno kutabiri, ambalo leo tunalitumia kwa kila mtu asemaye jambo kabla halijatokea, awe mnajimu, awe mtu wa hali ya hewa, au awe kijana aliyeketi kijiweni na mkeka wake wa mechi mkononi, halikuanza na maana hiyo. Asili yake ni Kiarabu, na huko kwao lilikuwa ni kazi ya kufasiri ndoto: mtu ameota, ameamka na fadhaa yake, akaenda kwa mwenye ilimu akaelezwa maana ya alichokiona. Yaani mtabiri wa kwanza alishughulika na jambo lililokwisha kuonwa, wala si jambo la ghaibu. Kubashiri nako, ambako siku hizi kumekuwa jina la heshima la kamari, asili yake ni kupeleka bishara, na mwenye kupeleka habari sharti awe amekwisha kuipata. Nimeyataja haya mwanzoni kwa sababu mada niliyopewa jioni hii imejaa watu wanaotabiri kwa maana ile ya kale: husubiri ndoto iishe, wakaifasiri kwa ufasaha mkubwa, na kesho yake sote tukaamini kwamba walijua tangu jana.

Mimi mpira wa Kimarekani niliingizwa na baridi. Nilipokwenda kusoma shahada yangu ya pili nilikaa Buffalo, mji ulioko mwisho wa Ziwa Erie katika jimbo la New York, ambao leo unao wenzetu wengi wasemao Kiswahili waliotoka Kongo, na ambao upepo wa ziwa huuletea theluji kwa ghafla na kwa wingi, hata mtu hulala gari lake li mlangoni akaamka asilione. Jirani yangu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda cha chuma, mtu wa maneno machache, ambaye Jumapili moja aliniona nimesimama dirishani sina la kufanya, akanipungia mkono niende kwake. Nikaenda, na nikaendelea kwenda kwa majira matatu ya baridi. Kabla ya kila mechi ya timu ya mji wake, iitwayo Bills, mzee yule alikuwa akichukua chaki na kuandika juu ya kibao kidogo kilichotundikwa jikoni, si jina la mshindi, wala hesabu ya mabao, bali nambari moja tu: 60, au 55, au pengine 80. Mwanzo nilidhani ni pointi. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akiandika kiasi cha imani yake, kwa asilimia, na kwamba nambari ile, pamoja na matokeo yake, huhamishiwa katika daftari la miaka mingi, ili msimu ukiisha aketi na kujiuliza: katika mechi nilizozipa 60, je, tulishinda 6 katika kila 10? Sijapata kuona mpenzi mwingine wa mpira, wa kwao au wa kwetu, ajikaguaye namna hiyo.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe nitaupitia upesi. Wachezaji ni 11 kila upande, uwanja una yadi 100, karibu mita 91, na mpira wao umechongoka ncha mbili. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa humwachia mwenzake. Ikiufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho hupata pointi 6, na nafasi ya kuongeza 1 kwa teke au 2 kwa kuingia tena. Na ikiwa imekaribia lakini njia imeziba, yaweza kuupiga teke upite kati ya nguzo mbili, ikapata 3. Anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira huitwa kwotabeki, naye akiumia ni kama jahazi kupoteza tanga. Na mpira ule wenye ncha, ukimponyoka mtu ukaanguka chini, huruka kwa mwelekeo ambao hapana mjuzi ajuaye. Anayeuokota hupata bahati zaidi kuliko ustadi, na bahati hiyo, ikitokea karibu na mstari wa mwisho, yatosha kuugeuza mchezo mzima.

Ligi ya Taifa, ambayo kwa kifupi huitwa NFL, ina timu 32, zilizogawanywa katika makundi mawili makubwa, moja la Kimarekani na la pili la Kitaifa. Kila timu hucheza mechi 17 katika msimu wa kawaida, kisha kutoka kila kundi hupita timu 7. Iliyo ya kwanza hupumzika raundi moja, zilizobaki huanza kutoana, mpaka kila kundi libakize moja, na hizo mbili zikutane katika fainali iitwayo Super Bowl, ambayo ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 15 Januari 1967. Mechi zote za mtoano ni 13. Hesabu ndogo itakuonyesha ya kwamba ziko njia 8,192 za kuzijaza mechi 13 kwa washindi, na mtu aliye hodari kiasi cha kupatia mechi 65 katika kila 100, naye ni hodari kweli, atazipatia zote 13 mara moja katika misimu kama 270. Basi mtu akikwambia kwamba mwaka huu amezipatia zote, mpe hongera, mnunulie na kahawa, lakini usimpe fedha zako.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtoano wa mpira wa Kimarekani umejengwa, kana kwamba kwa makusudi, ili umshinde mwenye kukisia. Wacheza mpira wa kikapu wa huko huchuana mechi saba, na anayetangulia kushinda nne ndiye apitaye. Kwa utaratibu huo, timu yenye uwezo wa kushinda mechi 6 katika 10 hupita mara 71 katika 100, kwa kuwa wingi wa michezo huikosha bahati na kuuacha ubora ubaki juu. Mpira huu, kwa ukali wake, hauwezi kuchezwa mara saba katika wiki mbili, miili haistahimili. Kwa hiyo ni siku moja, saa moja ya mchezo, na aliyeteleza amekwenda. Tena maarifa tuliyo nayo juu ya kila timu yametoka katika mechi 17 tu, ilhali katika ligi kuu ya mpira wa miguu ya Uingereza kila timu hucheza mechi 38, na katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani mechi 162. Chukua sasa timu iliyo bora kuliko zote, iliyopumzika raundi ya kwanza, ambayo katika kila moja ya mechi tatu zilizobaki tunaipa 70 katika 100. Ili itwae ubingwa yapasa ishinde zote tatu, na uwezekano wake wa kufanya hivyo ni kama 34 katika 100. Yaani bora ya zote, ambayo kila mchambuzi aliyeitaja ameitaja kwa haki, inaelekea zaidi kuukosa ubingwa kuliko kuupata. Mchambuzi akisema itashinda, amechagua vyema, na hata hivyo aghalabu atakuwa amekosea. Jambo hili akili ya kawaida hulikataa, nami nililikataa muda mrefu.

Waswahili tunalo neno la tatu, kukadiria, nalo ndilo nilipendalo. Kadiri ni kipimo, kadari ni majaaliwa, na maneno haya mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu; mwenye kukadiria hasemi litakalokuwa, bali hulipima kwa kibaba alicho nacho na kukiri ya kuwa yaliyobaki si yake. Ilimu ya makadirio haya ilianza mchezoni. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya wacheza kamari waliokatizwa mchezo katikati: dau ligawanywe vipi, kwa haki, na hali mshindi hajajulikana? Jibu lao lilikuwa kwamba usiangalie yaliyopita tu, uangalie njia zote ambazo mchezo ungeweza kuendelea. Kutoka katika swali hilo, ambalo wacha Mungu wa wakati wao wangaliweza kuliona la aibu, zimechipuka hesabu za bima, na za dawa, na za mvua, na pia zile zinazotumika kuzipima timu za mpira.

Katika hizo za mpira, iliyo maarufu zaidi ni ya Arpad Elo, profesa wa fizikia mjini Milwaukee, mzaliwa wa Hungaria, aliyeitunga kwa ajili ya sataranji. Kila mchezaji ana nambari yake. Akimshinda aliye juu yake nambari hupanda sana, akimshinda dhaifu hupanda kidogo, na kutokana na tofauti ya nambari mbili hupatikana asilimia ya kushinda. Shirikisho la sataranji la dunia liliipokea mwaka 1970, na baadaye watu wa hesabu wakaihamishia katika mpira, wakiongeza ya kwao: nani yuko nyumbani, nani amepumzika, kwotabeki ni mzima au ni mgonjwa. Nyingine huacha kuangalia kushinda na kushindwa, zikaangalia pointi ambazo timu imefunga na ilizofungwa, kwa hoja ya kwamba timu iliyoshinda mechi tano kwa pointi mojamoja haikuonyesha ubora, imeonyesha kwamba haijafikwa.

Lakini kipimo ambacho wenye hesabu hizo wote hukitazama kwa heshima, hata kama hawapendi kukiri, ni kile cha wachezeshaji wa kamari wa Las Vegas. Hao hawatangazi mshindi. Hutangaza mwanya, yaani idadi ya pointi ambazo timu inayopewa nafasi hubebeshwa kabla ya kuhesabiwa kuwa imeshinda dau. Husemwa kuwa aliyeuanzisha utaratibu huo ni Charles McNeil, mwalimu wa hisabati aliyegeukia kamari mjini Chicago miaka ya 1940. Mwaka 1991 mwanatakwimu Hal Stern alichapisha uchunguzi wake juu ya mianya hiyo, akaona kwamba tofauti ya pointi mwisho wa mchezo huuzunguka mwanya kwa kutawanyika kwa kiasi cha pointi karibu 14. Maana yake ni kubwa. Mechi mbili katika tatu huangukia ndani ya pointi 14 za makadirio, na moja hutoka nje kabisa. Timu iliyobebeshwa 3 hushinda kama mara 59 katika 100. Iliyobebeshwa 7, kama mara 69. Na hata iliyobebeshwa 12, ambayo watu wote wanaiona imekwisha kushinda, huanguka kama mara moja katika tano. Na kwa kuwa mabao yao huja kwa 3 na kwa 7, mwanya wa 3 si sawa na wa 2 na nusu. Pale katikati yake fedha nyingi zimezama.

Tusidhani kwamba wachezeshaji wale ni waganga. Mteja huweka dola 11 ili apate 10, na kwa dola moja ile nyumba hula. Ili mtu asile hasara yapasa apatie zaidi ya mara 52 katika 100, na wanaoweza hivyo kwa miaka mfululizo ni wachache mno. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoitangua, Mei 2018, sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa ikizizuia serikali za majimbo kuruhusu kamari ya michezo, dola ile moja imekuwa ikitoka katika simu za watu hata wakiwa kitandani, na huku kwetu vijana wetu wanajua habari hiyo bila kufundishwa na mimi.

Nirudi Buffalo. Tarehe 22 na 23 Januari 2022 zilichezwa mechi nne za raundi ya pili, nazo zote nne ziliamuliwa na tendo la mwisho la mchezo. Siku ya kwanza timu zilizokuwa za kwanza katika makundi yote mawili, zilizokuwa zimepumzika wiki nzima na zinacheza nyumbani, zilitolewa zote: Tennessee ikafungwa na Cincinnati 19 kwa 16, na Green Bay ikafungwa na San Francisco 13 kwa 10, kila moja kwa teke la mwisho. Kesho yake mabingwa watetezi, Tampa Bay, nao wakatolewa nyumbani kwao na Rams wa Los Angeles, 30 kwa 27, kwa teke la mwisho vilevile. Ikabaki ya nne, Bills ugenini Kansas City. Mzee alikuwa ameandika 48.

Zilipobaki sekunde 13 Bills walikuwa mbele 36 kwa 33. Sekunde 13, Mabwana. Mtu hawezi kumaliza kufunga kamba za viatu. Kwotabeki wa Kansas City, Patrick Mahomes, akarusha mara mbili, timu ikasogea yadi 44, na mpiga teke wao akaupitisha mpira kati ya nguzo kutoka yadi 49: 36 kwa 36. Ikaja kura ya shilingi kwa ajili ya muda wa nyongeza. Sisi tuliokuwa watoto Tanzania tulisema kichwa au mwenge. Wao husema kichwa au mkia, na Josh Allen, kwotabeki wa Bills, aliyekuwa amecheza usiku ule kama mtu aliyepagawa, akasema mkia. Kikaanguka kichwa. Kansas City wakapewa mpira, wakaenda yadi 75, wakaingia, na kwa kanuni ya wakati ule mchezo ukaishia hapo, 42 kwa 36, Allen hakugusa tena mpira. Miezi miwili baadaye ligi ikaibadili kanuni hiyo kwa mechi za mtoano, ili kila upande uhakikishiwe zamu yake. Wachambuzi walikuwa na hoja asubuhi yake: ulinzi ulisimama mbali mno, teke la kuanzisha lilipigwa vibaya. Huenda ni kweli. Lakini hapana hata mmoja aliyekuwa ameandika kabla ya mechi kwamba yote haya yatatundikwa juu ya sarafu, na upande wa sarafu ile haumo katika hesabu ya Elo wala ya Las Vegas.

Buffalo wanayajua haya kutoka pande zote mbili. Tarehe 3 Januari 1993, katika uwanja wao wenyewe, kwotabeki wao mkuu Jim Kelly akiwa ameumia, walikuwa nyuma ya Houston 35 kwa 3 mwanzoni mwa nusu ya pili, na aliyebaki uwanjani alikuwa mbadala aitwaye Frank Reich. Wakashinda 41 kwa 38. Na kwa kuwa tiketi hazikuwa zimemalizika, televisheni za eneo lile hazikuruhusiwa kuonyesha mechi, hata watu wa mji ambao muujiza ni wao ndio hawakuuona. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 27 Januari 1991, walikuwa katika fainali mjini Tampa, nyuma kwa pointi moja, na Scott Norwood akapiga teke la yadi 47 lililopita kuumeni mwa nguzo. New York Giants 20, Buffalo 19. Walirudi fainali miaka mitatu iliyofuata mfululizo, wakashindwa zote. Mtu anayetaka kujua kwa nini mzee wangu aliandika nambari badala ya majina, na atazame tarehe hizo.

Yako mambo ambayo mwenye kukadiria huyatia katika mizani kwa haki, na kukaa nyumbani ni mojawapo. Kwa desturi uwenyeji ulithaminiwa pointi kama 3, ingawa miaka ya karibuni umepungua, na msimu wa 2020, viwanja vingi vilipokuwa vitupu kwa ajili ya maradhi, faida yake ilitoweka kabisa. Basi wenyeji ni kelele. Januari 2011 Seattle, waliokuwa wameingia mtoano kwa kushinda mechi 7 na kushindwa 9, wakiwa wenyeji waliwatoa mabingwa watetezi, New Orleans, 41 kwa 36. Na mchezaji wao Marshawn Lynch alipokimbia yadi 67 akiwakung'uta wakabaji kama mtu anayekung'uta siafu, watu waliruka na kukanyaga kwa nguvu hata mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi ikaandika mtikisiko. Na theluji, ambayo kila mtu husema ni rafiki wa Buffalo? Januari 2023 ilianguka vizuri, mzee akaandika 68, na wageni kutoka Cincinnati wakacheza ndani yake kana kwamba wamezaliwa humo. 27 kwa 10.

Kwa kuwa nambari hazitoshelezi moyo, watu hutafuta kwingine. Mwaka 1978 mwandishi wa michezo Leonard Koppett alionyesha, kwa mzaha, ya kwamba soko la hisa hupanda au kushuka kwa kufuata timu iliyotwaa Super Bowl ilitoka upande gani, na wako watu wazima waliokwenda na mzaha ule sokoni. Mnamkumbuka pweza Paul wa Ujerumani, aliyepatia mechi nane za Kombe la Dunia la 2010. Sisi watu wa pwani pweza tunamjua kwa nazi, wala hatukuwahi kumshtaki kwa ilimu. Kupatia nane kwa kubahatisha ni mara moja katika 256, na duniani mwezi ule walikuwako wanyama wengi waliotegewa vibuyu. Kasuku mmoja wa Singapore alisifiwa sana mpaka fainali ikamuumbua. Aliyeumbuka hurudi tunduni mwake kimya, aliyepatia huandikwa magazetini. Wauzao mechi za uhakika wanaijua siri hiyo: humwambia nusu ya wateja timu hii, nusu timu ile, kisha huendelea na waliopata, na baada ya wiki chache hubaki na watu kadhaa wanaoapa kwamba jamaa hakosei.

Je, mkadiriaji mzuri apimwe vipi? Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa, Glenn Brier, alitoa kanuni nyepesi. Umesema mvua 70 katika 100: ikinyesha umekosa kwa 0.3, isiponyesha umekosa kwa 0.7, kizidishe kila kimoja kwa chenyewe, ukusanye siku zote, utafute wastani. Asemaye nusu kwa nusu kila siku hupata 0.25, na huyo hakusema kitu. Asemaye 100 kila siku huadhibiwa vikali siku anayokosea. Kanuni hii humlipa mkweli, si mwenye sauti. Kwa kanuni hii Joe Namath, ambaye Januari 1969 alidhamini hadharani mjini Miami kwamba timu yake ya Jets itawashinda Baltimore, waliokuwa wamebebeshwa pointi 18, hakuwa mkadiriaji. Alikuwa mchezaji anayejipa moyo, na aliposhinda 16 kwa 7 tukamfanya nabii. Wangapi wamedhamini wakashindwa, na hatuwakumbuki? Nampenda zaidi Plaxico Burress, mchezaji wa Giants, aliyesema kabla ya fainali ya Februari 2008 kwamba Giants wataishinda New England 23 kwa 17. New England walikuwa wameshinda mechi zote 18. Tom Brady, kwotabeki wao, alipoulizwa habari hiyo alicheka, akashangaa kwamba ati wao wangefunga pointi 17 tu. Walifunga 14. Giants wakafunga 17, bao la mwisho likiingizwa na Burress mwenyewe. Na kama mtu ataka kuwa mkali, na amwambie Burress kwamba hesabu yake ilikuwa mbovu kwa pande zote mbili.

Majira yangu ya mwisho ya baridi yalikuwa ya Januari 2024. Theluji ilizidi hata mechi ya kwanza dhidi ya Pittsburgh ikaahirishwa kutoka Jumapili mpaka Jumatatu, na watu wakaitwa kuja na makoleo kuufukua uwanja kwa ujira wa dola 20 kwa saa. Bills walishinda. Tarehe 21 wakaja Kansas City, safari hii wakiwa wageni, na mzee akaandika 55. Ilipobaki chini ya dakika mbili Buffalo walikuwa nyuma 27 kwa 24, wakafika mahali pa kusawazisha kwa teke la yadi 44, si mbali. Mpiga teke alikuwa Tyler Bass. Mpira ukaondoka vizuri, kisha upepo au mguu ukausogeza, ukapita kuumeni mwa nguzo, upande uleule alikopitisha Norwood miaka 33 kabla yake.

Mzee hakusema neno. Alinyanyuka akaenda jikoni, akalitoa daftari kwenye mtoto wa meza, akalifungua ukurasa ulioandikwa 55 juu, akanionyesha kwa kidole. Mechi alizokuwa amezipa nambari hiyo, kwa miaka yote ile, zilikuwa 19, na timu yake ilikuwa imeshinda 11. Akachora kistari kimoja upande wa kushindwa. Sasa zimekuwa 20, na 11 katika 20 ni 55 katika 100 barabara, bila kuzidi wala kupungua. Akaitazama hesabu ile kwa muda mrefu, akafuta kibao kwa kiganja cha mkono, akavaa koti na kutoka nje kufukua theluji mlangoni, nami nikachukua koleo la pili nikamfuata.